Yatima Alelewe Wapi?

Mtu anayeuchunguza Uislamu ana haki ya kuuliza: Dini hii inamtendeaje mtoto asiye na mtetezi? Somo hili ni jibu fupi la swali hilo.

Katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. mwenyewe alikuwa yatima. Baba yake, Abdullah, alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, Amina, alifariki naye ana umri wa miaka 6. Na alipofika miaka 8 akafiwa na babu yake, Abdul Muttalib, ndipo akachukuliwa na ami yake, Abu Talib. Angalia basi, kila alipoondokewa na mlezi, nyumba nyingine ya jamaa zake ilimfungulia mlango. Sura Adh-Dhuha inamkumbusha neema hiyo, kisha inakataza yatima asionewe.

Kurani Tukufu imeziweka wazi haki za yatima. Kwanza, mali yake ihifadhiwe: Sura An-Nisaa inaamrisha kwamba apimwe, na akionekana ana busara akabidhiwe mali yake mbele ya mashahidi. Pili, nasaba yake isifutwe: Sura Al-Ahzab inaagiza mtoto wa kulea aitwe kwa jina la baba yake. Tatu, aheshimiwe: Sura Al-Fajr inawalaumu watu kwa sababu hawamheshimu yatima. Malezi haya huitwa kafala, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unaitaja kwa jina hilo hilo katika kifungu cha 20.

Labda utasema: Je, si afadhali tujenge bweni kubwa, tuwakusanye watoto wote? Nia ni njema, lakini yafaa tutazame yaliyotokea Rumania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, maelfu ya watoto walikutwa wamerundikwa katika makao ya serikali. Baadaye wataalamu waliwachunguza watoto 136. Kwa kura, nusu wakapewa familia za kuwalea na nusu wakaendelea na malezi ya makao. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopata familia waliwazidi wenzao kwa akili, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto huhitaji mtu wake mwenyewe, anayemjua kwa jina na kwa kilio chake.

Hata hivyo, wako wasio na jamaa yeyote. Kwa hao makao ni ya lazima, na yafanane na nyumba. Ndivyo alivyofanya Hermann Gmeiner huko Imst, Austria, mwaka 1949, alipoanzisha kijiji cha SOS, ambamo watoto wachache hukaa nyumba moja na mama mlezi.

Ama bibi anayewalea wajukuu wake katika umaskini, asinyang'anywe, asaidiwe. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na jamaa zake. Hapa ndipo penye kazi yetu. Watoto hao wakitoka shule alasiri, wapate mahali pa kukaa, kikombe cha uji, mtu wa kuwasimamia hesabu na kusoma, na taa. Kisha jioni warudi kulala kwao. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya, yahitaji watu waaminifu wa kupokezana siku.

Tena kumbuka: msaada huu usiwe chambo cha kumvuta mtoto katika dini, kwani Sura Al-Baqara imekataza kulazimishana katika dini. Yatima wa jirani asiye Mwislamu ana haki ya uji ule ule.

Mtukufu Mtume s.a.w. ameahidi kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa karibu Peponi kama vidole viwili. Basi, ndugu, katika mtaa wako yuko nani anayengoja? Mwenyezi Mungu atuwezeshe kumwona na kumtumikia. Amin.