Kaa Mwenye Nyumba ya Kuokota

Wengi wenu ni watu wa bara kama mimi, na kaa mnayemjua ni yule wa mitoni na ziwani ambaye watoto humvua kwa uzi na kipande cha nyama. Leo nataka kuwaeleza habari za kaa mwingine, wa pwani, ambaye mimi nilimjua kwa kosa nililolitenda mwenyewe. Nimesikia kwamba shule yetu itapeleka wanafunzi pwani tena likizo ya Agosti. Ndiyo sababu nimeona afadhali niandike sasa kuliko baadaye.

Mwaka wa 2008 nilikuwa kidato cha pili. Tulikwenda kwa basi mpaka pwani ya kusini ya Mombasa, na siku ya mwisho tuliambiwa kila mtu aokote makombe kwa ajili ya chumba cha elimu ya viumbe. Mimi niliokota 43, na nilijivuna sana maana hakuna aliyenishinda. Tisa yalikuwa simbi, yaliyobaki yalikuwa ya kome wa namna mbalimbali. Niliyatikisa, nikayachungulia, nikaona ni matupu. Basi nikayatia katika boksi, nikaliweka chini ya kiti.

Tulipokwisha kupita Voi, usiku, boksi likaanza kukwaruza. Halafu ukatoka mlio mwembamba kama wa nyenje. Jirani yangu akaniuliza kama nimebeba panya. Nilicheka, lakini sikufungua, kwa kuwa nilikuwa na usingizi. Kesho yake jioni tulipofika shuleni nilifungua, nikakuta kaa wanane wametoka katika makombe yao, wamelala uchi, wamekufa. Watatu walikuwa hai bado.

Kaa huyu namwita kaa wa kombe, na wataalamu wamempa jina la Coenobita. Mbele ni kaa kama kaa wengine: ana gamba gumu, ana magando mawili, na macho yake yamesimama juu ya vijiti. Lakini nyuma tumbo lake ni laini kabisa, halina gamba, nalo limepinda kuelekea kulia kama mkia wa nguruwe. Mnyama mwenye tumbo kama hilo hawezi kutembea hivi hivi juu ya mchanga, maana jua litamkausha kama ndege hawajamdonoa kwanza. Kwa hiyo huokota kombe la kome aliyekufa, akalizungushia tumbo lake ndani, akaenda nalo kila aendako. Gando la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Akishtuka hurudi ndani, na gando hilo huwa ndilo mlango wake. Ndiyo maana mimi nilipochungulia sikuona mnyama. Niliona kitu kigumu chenye rangi ya mchanga, nikadhani ni uchafu. Na ule mlio wa usiku ulikuwa wao. Aina moja iliyo nyingi katika pwani yetu, Coenobita rugosus, ina mistari ya vijino juu ya gando hilo la kushoto, na kwa vijino hivyo hutoa sauti anaposumbuliwa.

Sasa kwa nini walikufa? Mwalimu wetu aliniuliza swali hilo mbele ya darasa, nami nikajibu kwamba wamekosa bahari. Akasema jibu hilo ni nusu tu. Kaa huyu si wa baharini tena. Ukimtia majini ukamzuia humo muda mrefu, atakufa. Hata hivyo angali na matamvua, urithi wa wazee wake waliokaa baharini, ingawa ni madogo. Hewa huipata pia kwa ngozi nyororo ya tumbo na kwa kuta za chumba cha matamvua, lakini ngozi hiyo yafanya kazi ikiwa na unyevu tu. Kwa sababu hiyo hubeba maji kidogo ndani ya kombe, na kombe likawa mtungi wake vilevile. Katika boksi langu maji hayo yalikauka, na hewa ya basi ilikuwa ya joto na vumbi. Waliposhindwa kupumua wakatoka nje, na nje mlikuwa na ukavu zaidi.

Wale watatu tuliwaweka katika beseni lenye mchanga, tukawapa posho, ndizi na maji ya bomba. Walikula vizuri, wala haikutushangaza, maana kwao hula karibu kila kitu: matunda yaliyoanguka, mwani, samaki waliotupwa na mawimbi, nazi iliyopasuka, hata mavi ya wanyama. Lakini waliishi wiki tatu tu. Hatukujua kwamba huhitaji maji ya chumvi pamoja na maji matamu, tena mchanga wenye unyevu wenye kina cha kutosha, kwa kuwa anapotaka kukua hujizika chini, akajivua gamba la zamani, akangoja huko mpaka jipya liwe gumu. Gamba kuukuu hulila. Mchanga wetu ulikuwa wa vidole vinne.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kaa huyu ni wa nchi kavu, mbona hatumwoni huku kwetu, na kaa wa mitoni tunaye? Jambo hili lilinisumbua mpaka nilipojifunza uzazi wao. Kaa wa mitoni huyabeba mayai yake chini ya tumbo mpaka watoke vikaa kamili, vyenye miguu yote; hana haja na bahari, na vizazi vyake vimeweza kupanda mito mpaka katikati ya bara. Kaa wa kombe sivyo. Jike huyabeba mayai ndani ya kombe, yamening'inia katika vijiguu vya tumboni. Yakiiva, hushuka usiku mpaka ukingoni mwa maji, akayaachia, nayo yanapoguswa na maji ya bahari huanguliwa. Vinavyotoka ni lava wadogo mno, wala huwezi kudhani kwamba ni kaa. Huelea baharini kwa muda wa majuma, wakibadilika mara kadhaa, na wengi wao huliwa. Wachache wanaosalia hutafuta kombe dogo, huenda lenye ukubwa wa punje ya mtama, wakalivaa, wakatambaa kwenda nchi kavu. Hivyo kaa huyu anaweza kuishi mbali kidogo na maji, lakini hawezi kuhama pwani kabisa, kwa ajili ya watoto.

Aina za Coenobita ni zaidi ya 15, zote za nchi za joto. Pwani ya Afrika Mashariki tunao rugosus niliyemtaja, mdogo, mwenye rangi nyingi, akaaye karibu na mchanga. Na cavipes, aliye mkubwa zaidi, ambaye hupenda kwenda ndani zaidi, vichakani. Wakubwa hawa mara nyingi huvaa gamba la lile konokono kubwa la nchi kavu ambalo sote twalijua mashambani. Visiwani katika Bahari ya Hindi yuko perlatus, mwekundu mwenye nukta nyeupe. Afrika ya Magharibi wanaye rubescens, visiwa vya Karibi clypeatus, na pwani ya Pasifiki ya Amerika compressus. Kandokando ya Bahari ya Shamu, mahali pakavu sana, yuko scaevola.

Tena yuko ndugu yao mmoja wa ajabu, kaa wa nazi, Birgus latro. Huyu naye akiwa mtoto huvaa kombe kama wenzake. Lakini akikua hulitupa, na tumbo lake huwa gumu, akaendelea kukua asizuiwe na nyumba. Huweza kufikia kilo 4, na miguu ikinyoshwa huwa kama mita moja kutoka ncha hata ncha. Huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja wapo, nao hulindwa. Mtu akimtazama huyu ndipo aelewapo taabu ya wengine: kaa wa nazi ameuacha utumwa wa nyumba, hao wengine hawakuuacha. Ukubwa wa kaa wa kombe hautegemei chakula peke yake, hutegemea nyumba aliyoipata. Asiyepata kubwa zaidi hukaa amebanwa.

Nami nikafikiri zamani kwamba pwani imejaa makombe, kwa hiyo 43 si kitu. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Mwaka wa 2012 mtaalamu Mark Laidre alitangaza uchunguzi wake juu ya compressus katika nchi ya Costa Rica. Aliona kwamba kaa wa nchi kavu hawavai kombe kama lilivyoachwa na kome. Hulikwangua ndani, wakaondoa ule mhimili wa katikati na kupunguza unene wa kuta, mpaka nafasi ikaongezeka na uzito ukapungua. Kombe hilo kaa akifa humpata mwingine, na mwingine baada yake. Kombe jipya la kome, zito na lenye nafasi ndogo, kaa mkubwa haliwezi. Basi lile kombe jepesi ulionalo mchangani juu ya mstari wa maji, lenye mdomo mpana uliolainika, si takataka ya bahari. Limekwisha kukaliwa, labda na wengi, na yuko anayelihitaji.

Uhaba huo umewafundisha namna ya kuhama ambayo ningependa kila mwanafunzi aione kwa macho yake. Wachunguzi walioandika mwaka wa 2010 juu ya clypeatus katika kisiwa kidogo cha Belize walieleza hivi. Kaa mmoja hukuta kombe tupu, akalipima kwa magando, akaona ni kubwa mno. Haondoki, hungoja. Mwingine huja, naye hungoja. Wakiwa wengi hujipanga kuanzia mkubwa mpaka mdogo, kila mmoja ameshika kombe la aliye mbele yake. Ajapo yule ambaye kombe lile lamfaa barabara, huhamia. Papo hapo wa pili huingia katika nyumba ya wa kwanza, wa tatu katika ya wa pili, hata mwisho. Kombe moja huwapa nyumba wengi. Nilipoisoma habari hii nilirudi kuhesabu makombe yangu, na hesabu yake sikuipenda.

Tena wanazo pua kali, ikiwa naweza kuiita pua, kwa maana hunusa kwa vipapasio. Laidre na mwenzake walionyesha mwaka wa 2019 kwamba kaa wa nchi kavu hukimbilia harufu ya maiti ya mwenzao, wala si kwa kuomboleza: aliyekufa ameacha nyumba. Tabia hii iliwafaa tangu zamani, lakini sasa imekuwa mtego. Chupa ya plastiki ikilala mchangani na mdomo wake umeinuka, kaa huingia kutafuta kivuli au chakula, akashindwa kupanda kuta zinazoteleza, akafa. Harufu huenea. Wengine huja kutafuta kombe lake, nao hufia humo humo. Mwaka huo huo wa 2019 wachunguzi waliotembelea visiwa vya Cocos katika Bahari ya Hindi na kisiwa cha Henderson katika Pasifiki walikadiria kaa 508,000 walionaswa kule Cocos, na 61,000 kule Henderson. Katika chombo kimoja tu walihesabu kaa 526. Na mwaka wa 2024 wengine walikusanya picha zilizopigwa na watu duniani pote, wakaona kaa 386 waliovaa takataka mahali pa kombe, wengi wao vifuniko vya plastiki. Kifuniko hakina pembe ya kupindia tumbo, wala hakifungi mlango.

Kwa hiyo ninyi mtakaokwenda Agosti, chukueni tochi, si boksi. Tokeni baada ya magharibi, maji yakiwa yamekupwa, mkae karibu na vichaka juu ya mchanga bila kuzungumza. Mtasikia majani makavu yakikwaruzwa kabla hamjaona kitu. Mkimulika kwa ghafula wote watajifungia. Ngojeni dakika tano. Angalieni gando la kushoto, kama lina vijino, mjue ni rugosus. Chupa mtakazozikuta ziinueni na kuzichungulia kabla ya kuzichukua, kwa kuwa huenda mna aliye hai. Kamwe msimvute kaa atoke katika kombe: atakubali kukatika kuliko kutoka.

Desemba iliyopita niliomba ruhusa kwa mwalimu wa elimu ya viumbe wa sasa, nikafungua lile kabati. Makombe yangu yalikuwamo, na karatasi yenye jina langu. Matatu yalikuwa yamevunjika. Nikayachukua 31 nikaenda nayo pwani ile ile, nikayatandaza jioni chini ya mkadi, nikaketi mbali. Muda mrefu hakuna aliyekuja. Kisha akaja mmoja mwenye kombe lililotoboka ubavuni, nikaliona tumbo lake kwa tundu. Aliligeuza moja mara nyingi, akaliacha, akaligeuza la pili. Akahama upesi hata nisingaliweza kusema alihamaje. Kombe lile lenye tundu lilikuja kuchukuliwa na mdogo kuliko yeye, ambaye naye lake lilikuwa limevunjika mdomo.

Asubuhi nilikuta 12 hayapo. Simbi tisa sikuzipeleka, maana mlango wa simbi ni ufa mwembamba na kaa huyu hawezi kuuingia. Hizo zingali kabatini, rafu ya pili, kwa atakayetaka kuzitazama.