Upepo na Nyaya: Mambo ya Kujua kwa Wakazi wa Gulwe

Kiangazi kikishika, upepo huvuma Gulwe kutwa nzima, na ukiwa jirani na njia ya umeme utasikia nyaya nazo zikivuma. Nyaya hizo zimeongezeka. Treni za umeme za reli ya kisasa (SGR), zilizoanza kufika Dodoma mwaka 2024, hupita hapa zikichota umeme wa kilovoti 25 kwenye nyaya zilizo juu ya reli. Makala haya yanaeleza upepo unazifanyia nini nyaya, na wewe ufanye nini.

Kwa nini waya unavuma?

Upepo ukipiga waya wa mviringo hugawanyika, kisha hujisokota nyuma yake na kuwa vizunguko vidogo vinavyochomoka kwa zamu, kimoja juu, kingine chini. Kila kimoja huuvuta waya upande wake. Waya wenye unene wa milimita 28, ukipigwa na upepo wa kilomita 11 kwa saa, huvutwa juu na chini takriban mara 20 kila sekunde. Kwa kawaida mtikisiko huo hauzidi unene wa waya wenyewe, ndiyo maana sikio huwahi kuutambua kabla ya jicho.

Mvumo huo si dalili ya hatari. Waya haukatiki leo kwa sababu unavuma.

Madhara huja polepole

Dhoruba huangusha nguzo, na kila mtu huiona. Upepo mwanana usiokatika hufanya kazi kimyakimya. Chukua waya wa kufungia nondo, uukunje na kuukunjua mahali pamoja: utakatika bila kutumia nguvu nyingi. Huo ndio uchovu wa chuma. Kwenye njia ya umeme, uchovu huanzia pale waya unaposhikwa kwenye mnara.

Tazama nyaya za minara mikubwa, kama ya njia ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga. Karibu na mnara utaona kipande kifupi cha kamba ya chuma kinachoning'inia chini ya waya, kikiwa na kitonge kizito kila ncha. Kazi yake ni kumeza mtikisiko. Kilibuniwa miaka ya 1920 na mhandisi wa Marekani, George Stockbridge. Mtu akikinyofoa akauze chuma chakavu, umeme utaendelea kuwaka kama kawaida, huku waya ukichoka mwaka hadi mwaka.

Na madaraja je?

Ukifika Dar es Salaam, utaikuta sayansi hiyohiyo kwenye Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lililozinduliwa Aprili 2016. Nyaya zinazolishikilia ni nene, kwa hiyo upepo huzitikisa taratibu zaidi kuliko waya wa umeme. Madaraja ya namna hii yana adui mwingine: mvua ikichanganyika na upepo. Maji hutiririka juu ya waya na kubadili umbo lake, na waya mrefu huanza kuyumba kwa nguvu. Wahandisi wa Japani walilichunguza jambo hilo miaka ya 1980. Tangu hapo, madaraja mengi huwekewa maganda yenye mistari iliyoviringishwa ili kuyavunja maji hayo, na vifaa vya kutuliza mtikisiko karibu na barabara.

Ufanye nini?

• Usipande nguzo wala mnara, na usiweke sikio kwenye nguzo kusikiliza mvumo. Waonye watoto.

• Usirushe mawe, fimbo wala kamba kwenye nyaya. Umeme wa reli unaweza kumrukia mtu kabla hajaugusa waya.

• Usinunue wala kuuza vipande vya nyaya au vifaa vilivyotolewa kwenye njia ya umeme au reli.

• Waya ukianguka, kaa mbali angalau mita 10 na uondoe mifugo, hata kama huoni cheche. Ukijikuta karibu nao, ondoka kwa hatua fupi za kuburuza miguu, bila kuinyanyua.

• Toa taarifa ukiona nyuzi za waya zimefumuka, kitonge kimeng'oka au cheche zinaruka. Kwa njia za TANESCO piga 180; kwa nyaya za reli, mweleze mtumishi wa stesheni iliyo karibu. Taja namba ya nguzo ukiwa mbali salama: itamfikisha fundi mahali penyewe bila kupoteza muda.