Baiskeli, Mawe na Rozari: Somo kwa Vijana Wanaopanda Vilima vya Magu



Kiangazi kimeingia, njia za vumbi zimekauka, na kwenye makundi ya VIWAWA na TYCS swali ni lilelile: "Jumamosi tunaenda wapi?" Huku kwetu Usukuma hatuna Kilimanjaro. Tuna mawe. Mawe makubwa ya matale yaliyobebana kana kwamba kuna mtu aliyapanga, kuanzia Mwanza mjini hadi Magu, na kando yake Ghuba ya Speke. Wataalamu wa miamba wanasema yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata kabla hujaanza kupanda, tayari uko juu kuliko ndugu zetu wote wa Dar es Salaam!

Na baiskeli? Hiyo Msukuma haelekezwi. Inabeba maji, mkaa, gunia la mpunga, mgonjwa wa kwenda zahanati na hata bibi harusi. Kutoka Magu mjini kupitia Kahangara na Nyanguge hadi Kisesa ni kilomita arobaini na kitu, lami mwanzo hadi mwisho. Kijana mwenye afya anazimaliza asubuhi na bado ana nguvu ya kupanda kilima.

Sasa swali la somo letu: safari ya namna hiyo ni hija, au ni matembezi tu yaliyovalishwa rozari shingoni? Wazazi wengi wanauliza hivyo, na wana haki ya kuuliza. Tusiwajibu kwa hasira. Tufungue Biblia kwanza.

Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amechoka, ameogopa, amelala chini ya mti akiomba afe. Malaika hamwanzishii mahubiri. Anamwamsha ale mkate na anywe maji, kisha anamwacha alale, halafu anamwamsha ale tena, kwa sababu safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Ndipo anatembea siku arobaini hadi Horebu, mlima wa Mungu. Pale mlimani upepo unapasua miamba, nchi inatetemeka, moto unawaka, na Bwana hayumo katika hivyo vyote. Anakuja baadaye, katika sauti ndogo tulivu. Ninapenda sana kwamba habari hii ya sala inaanza na chakula. Anayepanda kwa njaa ili aonekane mtakatifu hajamsoma Eliya vizuri.

Kisha soma Luka 9:28-43. Yesu anawachukua Petro, Yohane na Yakobo, anapanda mlimani kusali, na pale anageuka sura. Wengi wetu tunalijua tendo hili kwenye rozari, ni la nne katika Matendo ya Mwanga ambayo Papa Yohane Paulo II alituongezea mwaka 2002. Lakini angalia mambo mawili ambayo huwa tunayapita haraka. La kwanza, Luka anasema walipanda kwa ajili ya kusali, na mitume wakalemewa na usingizi. Kwa hiyo ukisinzia kwenye tafakari baada ya kukanyaga baiskeli kilomita arobaini, uko na watu wakubwa. La pili, Petro anataka kujenga vibanda wabaki hukohuko juu. Kesho yake wanashuka, na bondeni kuna baba analia, mwanawe wa pekee anateswa na wale wanafunzi waliobaki chini wameshindwa kumsaidia. Mlima na yule mtoto viko katika sura moja. Nitarudi kwake.

Kanisa limetupa mtakatifu wa mambo haya. Pier Giorgio Frassati alizaliwa Torino, Italia, tarehe 6 Aprili 1901. Baba yake alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, na baadaye balozi wa Italia nchini Ujerumani. Tajiri, na si mtu wa sala. Mtoto akawa mtu wa Misa ya kila siku na wa milima. Alikuwa mwanachama wa chama cha wapanda milima cha Italia, na akasomea uhandisi wa migodi ili awe karibu na wachimbaji maskini (vijana wa Geita mnanisikia?). Alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akawa anatoa nauli yake kwa maskini na kurudi nyumbani kwa miguu, mbio, ili asichelewe chakula. Tarehe 4 Julai 1925 alikufa kwa ugonjwa wa polio akiwa na miaka 24, na inaaminika aliambukizwa na wagonjwa aliokuwa akiwatembelea. Siku ya mazishi familia ilishangaa kuona barabara imejaa maskini wasiowajua. Alitangazwa mwenye heri tarehe 20 Mei 1990 na Papa Yohane Paulo II, na papa huyohuyo miezi michache baadaye alifika Mwanza kwetu. Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, siku moja na Carlo Acutis.

Kwa Frassati, Misa ilitangulia na mlima ukafuata. Hilo linajibu swali la pili, ambalo viongozi wa vijana wanaulizwa kila mara: je, tunaweza kuondoka Jumapili alfajiri? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, iko wazi kwamba anayeshiriki Misa jioni ya kuamkia Jumapili ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo mkiwa na Misa ya Jumamosi jioni parokiani, sawa. Kama haipo, pangeni safari ianze baada ya Misa ya kwanza, au nendeni Jumamosi mrudi. Mwenye kigango ambacho padre hufika mara moja kwa mwezi, Jumapili ile ya padre usiipeleke mlimani hata kama marafiki wote wanakwenda. Hapo sitalegeza.

Kwa upande wa baiskeli tuna Gino Bartali, Muitalia, bingwa wa Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Kati ya hapo kulikuwa na vita. Mwaka 1943 na 1944, Wayahudi wakiwa wanasakwa Italia, Askofu Mkuu wa Firenze, Kardinali Elia Dalla Costa, alimwomba msaada. Bartali akawa anatoka Firenze hadi Asizi, zaidi ya kilomita 150, kana kwamba anafanya mazoezi, huku ndani ya bomba za baiskeli yake kumefichwa picha na hati za bandia za kuwaokoa watu. Askari walimsimamisha, wakamwona ni bingwa, wakamwachia. Baada ya vita hakupenda kulizungumza. Yad Vashem walimtambua mwaka 2013, yeye akiwa amefariki tangu 2000. Fikiria, kufanya jambo kubwa namna hiyo na usipige hata selfi.

Kituo gani basi? Pendekezo langu ni Bujora, pale Kisesa. Ukiacha barabara kuu unaingia kidogo tu, unafika kwenye kilima cha mawe chenye parokia na Makumbusho ya Wasukuma. Kazi hiyo ilianzishwa miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari wa Afrika kutoka Kanada. Kanisa lake ni la duara, likifuata nyumba ya mtemi. Ngoma na nyimbo za Kisukuma ziliingia katika sala. Na kila mwaka, kuzunguka Sherehe ya Ekaristi Takatifu, kuna Bulabo, jina linalotokana na maua, ambapo Wagika na Wagalu wanashindana kwa ngoma.

Hapa pana jambo linalowasumbua vijana wengi. Mawe mengi ya kwetu yana historia ya matambiko, na kuna wanaosema Mkatoliki asiyakaribie kabisa. Wengine wanayachorachora majina yao kwa rangi ili kuonyesha hawaogopi. Mimi naona Padre Clement alituachia njia bora kuliko zote mbili. Alimwabudu Mungu mmoja, wala hakuwadharau wazee. Mkikuta mahali ambapo wenyeji wanapaheshimu, msipande juu, msifanye mzaha, msiache chupa za plastiki. Salimieni: "Mwangaluka, mayu." Ulizeni njia. Sala yenu mtaifanya kwenye jiwe la jirani. Bwana analo pia.

Mambo ya njiani hayahitaji maneno mengi. Kagueni breki na cheni siku moja kabla, bebeni pampu, viraka na solusheni, na maji ya kutosha. Tembeeni mstari mmoja, mabasi ya barabara ile hayana huruma. Jiwe likilowa mvua halipandwi, wingu la radi likionekana mnashuka, na nyufa zinaweza kuwa na nyuki au nyoka, si pimbi tu. Mwendo uwe wa yule anayechelewa kuliko wote.

Huyo wa mwisho ndiye ninayemfikiria zaidi. Kuna kijana asiyekuja kwa sababu hana baiskeli na anaona haya kusema. Kuna binti ambaye baiskeli ya nyumbani ni ya kaka zake. Kuna mwenye mguu mbovu. Kiongozi akitangaza safari bila kuwafikiria hawa, ameanza kujenga kibanda cha Petro. Baiskeli zina karia, kupakizana kunawezekana. Asiyeweza kupanda anaweza kubaki chini na wenzake wawili wakasali pamoja rozari ileile, na walio juu wasikae muda mrefu.

Na yule mtoto wa bondeni? Kabla ya kuondoka, mwombeni katekista wa eneo mnalokwenda awatajie nyumba moja ya mgonjwa au mzee anayeishi peke yake. Mkishuka, pitieni hapo. Mchoteeni maji, baiskeli mnazo. Ndipo mgeuze kurudi Magu.

Kwa majadiliano kwenye kikundi: someni Luka 9:28-43 mara mbili, kwa sauti. Nani katika parokia yetu amebaki chini ya mlima? Na ni nani kati yetu atakwenda kumuuliza, kabla ya Jumamosi, kama anataka kupakizwa?