Alumini Ngangari, Plastiki Hoi: Vidokezo kwa Mwenye Trela ya Zamani

Anayenunua trela ya safari ya zamani kule Marekani, tuseme Airstream ya miaka ya 1970, hukagua kwanza bodi. Alumini haina neno. Mwaka 1959 mwanzilishi wa kampuni hiyo, Wally Byam, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, ukipita huku kwetu Afrika Mashariki, na trela za enzi zile bado ziko barabarani. Kisha mnunuzi anapanda ngazi, anagusa kifuniko cha kiyoyozi juu ya paa, na pembe yake inabaki kiganjani. Kama hayo yamekukuta, au kama gari lako la mitumba limeanza kumwaga plastiki zake za nje, soma kabla hujashika bisibisi.

1. Subiri jua lipande. Plastiki iliyochoka huvunjika vibaya zaidi ikiwa baridi, kwa hiyo asubuhi ya kipupwe si saa ya kuivua. Ipashe kwa draya ya nywele hadi iwe vuguvugu, kisha uondoe skrubu moja baada ya nyingine. Ribiti hazibanduliwi kwa bisibisi, hutobolewa kichwa kwa keekee. Ribiti nyingi za trela hizi ni za milimita 3.2, na kichwa kikishatoka, mwili unausukuma kwa msumari butu.

2. Usitupe hata kipande kimoja. Hili ndilo ningeomba ulikumbuke hata kama mengine yote yatakutoka. Kifuniko kilichovunjika vipande kumi na viwili hakifai tena kukinga mvua, lakini bado ndicho kipimo pekee sahihi ulicho nacho: mkunjo wa pembe, nafasi za matundu, unene wa ukingo. Viunganishe kwa utepe wa karatasi, upande wa ndani na wa nje, kisha uchore umbo lake kwenye kadibodi. Piga picha huku rula ikiwa pembeni. Ukiagiza kipya au ukiamua kutengeneza mwenyewe, utaanzia hapo.

3. Fahamu ni plastiki ya aina gani kabla ya kununua gundi. Watu wengi huanza na gundi, na ndiyo maana kazi inarudiwa. Geuza kipande utazame nyuma. Zilizotengenezwa miaka ya karibuni huwa na herufi kama ABS, PP au PVC. Za zamani mara nyingi hazina kitu, kwa hiyo zipime. Tia kibanzi kwenye kikombe cha maji: polipropilini na polithini huelea, ABS, PVC na akriliki huzama. Kikizama, dondoshea tone la asetoni mahali pasipoonekana na usubiri dakika moja. ABS italainika na kunata kidoleni (vaa glavu). Kuna wanaopima kwa kuchoma na kunusa moshi. Usijaribu, maana PVC ikiungua hutoa gesi kali inayounguza mapafu.

4. Kama ni ABS, umebahatika. Plastiki hii imechanganywa na aina ya mpira uitwao polibutadieni ili isivunjike ovyo, na mpira huo ndio unaoliwa na miale ya urujuanimno ya jua. Uharibifu huanzia juu na kuingia ndani taratibu, kwa hiyo piga msasa mpaka unga mweupe uishe na uione rangi yake ya asili. Gundi ikishika kwenye ule unga, imeshika hewa.

Halafu tengeneza dawa yenyewe. Katakata vibanzi vya ABS safi, uvitie kwenye chupa ya kioo pamoja na asetoni, ufunike, uache usiku kucha. Unataka rojo zito kama uji wa ulezi. Matofali ya kuchezea ya Lego yaliyobaki chini ya kochi yanafaa sana, kwani tangu mwaka 1963 yamekuwa yakitengenezwa kwa ABS (omba ruhusa kwa mwenyewe kwanza). Toboa kitundu cha milimita 3 pale ufa unapoishia, la sivyo utaendelea kukimbia. Chimba ufa kwa kisu upate mfereji wenye umbo la V, ujaze rojo, na upande wa nyuma ulaze wavu wa faibaglasi na kuupaka tabaka jingine. Ukijaza kwa mara moja, juu patakauka na ndani patabaki pabichi, kwa hiyo paka tabaka jembamba jembamba. Iache siku mbili tatu kabla ya kupiga msasa. Yote haya yafanyike nje, mbali na sigara na jiko: asetoni hushika moto upesi mno.

Supaglu? Inafaa kushikilia vipande wakati unajiandaa, basi. Ikikauka inakuwa kavu kuliko plastiki yenyewe, na mtikisiko wa barabara utaiachanisha.

5. Kama kinaelea, sahau gundi za kawaida. Polipropilini haishikani na karibu kitu chochote. Ndiyo ile nyeusi inayozunguka matao ya matairi ya magari mengi yanayoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Dawa yake ni kuiyeyusha na kuiunga kwa moto, ukiongeza ujiti wa plastiki ya aina ileile. Mafundi wetu wanaoziba ndoo na mabeseni kwa kisu kilichopashwa moto kwenye makaa wanalijua hili bila kusoma kemia. Tofauti ni kwamba beseni la jikoni halijapigwa na jua kwa miaka hamsini. Plastiki ikiwa inapukutika hata unapoiyeyusha, iache.

6. Lensi za taa na vifuniko vinavyopitisha mwanga: nunua vipya. Ukitia tina au asetoni, vitajaa nyufa ndogondogo papo hapo.

7. Mkanda wa vinaili unaopita ubavuni kwenye reli ya alumini haukatiki sana, ila husinyaa. Utauona umeacha pengo kwenye pembe, na maji yanaingia hapo. Usijaribu kuuvuta urudi. Nunua mpya wa upana uleule (chukua kipande cha zamani dukani), uulaze juani au kwenye maji ya moto mpaka ulegee, kisha uupachike ukiusukuma kuelekea nyuma, wala si kuunyoosha. Acha ziada ya sentimita kadhaa kila mwisho. Kata baada ya wiki moja, ukishatulia.

8. Ukilazimika kutengeneza kipya, una njia kadhaa. Kwa trela zenye jina, wapo wanaouza nakala zilizofinyangwa kwa ABS mpya, na ni upotevu wa muda kushindana nao. Kwa trela isiyo na ndugu, ganda la zamani ulilounganisha kwa utepe huwa kalibu: lijaze, lilainishe, ulipake nta, kisha utandike faibaglasi na resini juu yake. Kuna pia kuchapa kwa mashine ya 3D. Hapo angalia sana malighafi. PLA, iliyo rahisi na maarufu, hulegea kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, joto ambalo paa la trela hulifikia bila taabu. Omba ASA. Ni jamaa ya ABS ambayo ule mpira unaoliwa na jua umeondolewa na kuwekwa mwingine unaostahimili.

9. Toboa matundu mapana kuliko skrubu. Plastiki hutanuka kuliko alumini iliyo chini yake. Kipande cha ABS cha mita 2, joto likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 7, ilhali alumini haifiki 2. Ukikibana kwa skrubu zilizokazwa kabisa hakina pa kwenda, na nyufa zitaanzia kwenye matundu. Weka washa pana, kaza, kisha legeza robo mzunguko.

10. Chini ya kipande weka utepe wa butili, si silikoni. Butili hubaki laini na siku ya kuvua itakuachia. Silikoni huacha utando ambao rangi haishiki, na kuusugua utoke ni adhabu.

11. Paka rangi, hata kama kipya kinapendeza kilivyo. Mafuta ya kung'arisha yanayouzwa kwenye vituo vya petroli hurudisha weusi kwa wiki chache, hayatibu chochote. Anza na praima ya plastiki, kisha rangi ya nje inayokinga miale. Vya kwenye paa vipake nyeupe, vipungukiwe na joto. Jaribu kwanza upande wa ndani: rangi ikikunjamana, asetoni ya kiraka bado haijatoka, ngoja siku mbili zaidi.