Waya Ukianguka Malishoni: Fundi wa Laini Ajibu Maswali ya Wakazi wa Manchira

Nimekuwa fundi wa laini za umeme kwa miaka mingi, kwanza nikipanda nguzo, baadaye nikipita chini yake na daftari kama mkaguzi. Maswali haya nimeulizwa Manchira na vijiji vinavyoelekea Mugumu, na machache nimeulizwa Tarime. Wengine waliniuliza mnadani, wengine kwenye mashine ya kusaga, na mmoja aliniuliza msibani. Lile la msibani sikulijibu vizuri siku ile, kwa hiyo hapa nitalijibu kwa urefu kuliko mengine.

Tunakuona unatembea tu chini ya nyaya ukitazama juu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe?

Ndiyo yenyewe. Umeme unafika kijijini kwa laini ya msongo wa kilovoti 33, yaani volti 33,000, halafu transfoma inaushusha hadi volti 400 kwa mashine za fezi tatu na 230 kwa taa na redio yako. Zile nyaya tatu za juu ni alumini tupu, hazina gamba lolote. Kinachozitenga na nguzo ni vile vikombe zinavyokalia, na kinachozitenga nanyi ni hewa na urefu wa nguzo, basi.

Natazama kikombe kilichopasuka, stei (ule waya unaoivuta nguzo isiiname) iliyolegea, nguzo iliyoanza kuinama, waya ambao uzi wake mmoja umekatika na kusimama kama unywele. Napenda kutembea asubuhi jua likiwa mgongoni, maana ufa mdogo kwenye kikombe huonekana vizuri saa hiyo. Jioni kukiwa kimya nasikiliza. Kikombe kibovu hulia kama mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Nikiusikia mlio huo naandika namba ya nguzo kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Serikali ilitangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, kazi kubwa iliyofanywa kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Nguzo zimeongezeka kuliko macho ya wakaguzi. Ndiyo maana nakaa na watu wa Manchira kuyajibu maswali haya. Mchungaji anapita chini ya laini kila siku, mimi napita mara chache kwa mwaka.

Kwa nini mnazigonga nguzo kwa nyundo?

Tunasikiliza kama ndani pamekuwa tupu. Nguzo ya mti iliyo nzima hujibu kwa mlio mkali, na nyundo inakurudia mkononi. Iliyooza hutoa sauti nzito kama unagonga gunia la mtama. Kisha tunafukua udongo kidogo kuizunguka na kuchoma kwa bisibisi. Ubovu hauanzii juu wala chini kabisa, unaanzia pale nguzo inapoingia ardhini, kwa sababu hapo unyevu na hewa vinakutana. Dawa ya kuzuia mchwa huingia sehemu ya nje ya mti. Nguzo ikipasuka, mchwa anapita ufa ule hadi kwenye moyo ambao haukupata dawa, na nje unaiona nzima kabisa.

Nimeshawahi kuzamisha bisibisi nzima hadi mpini kwenye nguzo ambayo watoto walikuwa wameifunga kamba ya bembea. Tuliwatoa watoto kwanza, nguzo baadaye.

Na nyasi. Mnapochoma malisho kabla ya mvua, safisheni kwanza shina la nguzo. Moto ukipita haraka huiachia weusi tu, lakini ukikuta rundo la majani makavu mguuni unaweza kufukuta ndani ya ufa kwa siku nzima, mpaka nguzo ianguke usiku mmelala.

Mwaka ule waya ulianguka malishoni. Ng'ombe wanne wakafa bila hata kuugusa. Kijana akakimbia kuwaokoa waliobaki, naye akaanguka. Kijiji kizima kilikuwa giza. Sasa huo umeme ulitoka wapi?

Mzee wangu, hili ndilo swali lako la msibani. Pole tena. Nisamehe kwamba siku ile nilikuambia "ni ajali" nikanyamaza.

Kwanza, kuhusu giza. Waya ukikatika unakuwa na ncha mbili. Nyumba zilizo mbele ya mkato hukosa umeme, lakini ncha inayotoka upande wa kituo bado ina umeme. Giza la nyumbani kwako linakuambia kwamba kwako haufiki, halikuambii kwamba waya ule umekufa.

Watu huniuliza, kwa nini basi fyuzi haikukatika? Fyuzi hukatika umeme mwingi unapopita kwa mkupuo. Udongo wa kiangazi, mkavu na wenye changarawe, haupitishi umeme kirahisi. Tuseme pale ulipoangukia ukinzani ni omu 1,000. Kati ya waya mmoja wa laini ile na ardhi kuna volti kama 19,000. Gawanya, unapata ampea 19. Laini inayolisha vijiji kadhaa inaweza kubeba zaidi ya hizo kila jioni, mashine zikisaga na taa zikiwaka, kwa hiyo vifaa vya ulinzi vya kituoni havioni jambo la ajabu. Lakini sehemu moja ya kumi ya ampea moja, ikipita kifuani, inatosha kuuvuruga moyo usipige tena. Waya unaweza kulala pale saa nyingi, hautoi cheche wala moshi, na muda wote huo unaua.

Sasa wale ng'ombe. Umeme ukiingia ardhini husambaa kila upande, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali na waya. Volti za hapa unaposimama si sawa na za hatua moja mbele yako. Ukiwa na mguu mmoja hapa na mwingine kule, tofauti ile inapita mwilini mwako. Miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe imeachana kama mita moja na nusu, na njia ya kutoka mbele kwenda nyuma inapita kwenye moyo. Ndiyo maana ng'ombe hufa mahali ambapo mchungaji aliyesimama karibu naye huponea. Radi ikipiga mti nako huwa hivyo hivyo, mifugo iliyojikinga chini hulala yote kwa pamoja.

Yule kijana alikuwa anakimbia, na anayekimbia anapiga hatua ndefu.

Kwa hiyo ukimkuta mtu yuko karibu na waya ulioanguka, usimwambie "kimbia". Mwambie asimame, alete miguu pamoja mpaka viatu vigusane, halafu ajiburute bila kuinua nyayo, kwa vihatua vidogo vidogo, ageuze mgongo na kuuacha waya nyuma. Aende hivyo angalau mita 10, na akipita hapo azidi kujitenga. Usimfuate wala usimtupie kamba yenye maji. Usijaribu kuusogeza waya kwa fimbo, hata iwe kavu. Fimbo ya nyumbani haijui kitu mbele ya volti 19,000. Piga simu TANESCO, namba 180, wasomee namba iliyo kwenye nguzo ya karibu, na uweke watu wa kuzuia njia pande zote.

Kuna jambo jingine ambalo watu wanaona aibu kulisema. Ng'ombe wakishaanguka, mtu anaona mali yake inaharibika, anachukua kisu akachinje. Najua ng'ombe ni nini kwa Mkurya, Mngoreme au Mwikoma. Ni ada ya mtoto shuleni, ni mahari ya mwanao. Mwache ng'ombe huyo. Asiguswe mpaka fundi aje, akate laini, apime, na akuambie kwa mdomo wake kwamba pako salama.

Kwa nini umeme hukatika hata kabla ya mvua kubwa, manyunyu tu?

Kwa sababu ya vumbi. Miezi ya kiangazi vumbi la barabara na moshi wa nyasi hujipaka kwenye vikombe. Likiwa kavu halina neno. Manyunyu ya kwanza yakiligeuza tope jembamba, umeme unapata njia ya kutambaa juu ya kikombe hadi kwenye mbao. Wakati mwingine utaona kichwa cha nguzo kinatoa moshi huku mvua inanyesha. Mvua kubwa ikija huviosha na hali inatulia.

Radi ni habari nyingine. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mawingu yake yanatufikia. Ukiona taa zinazimika na kurudi zenyewe mara moja au mbili, mara nyingi ni swichi ya kwenye laini inayojifungua na kujifunga tena, ikijaribu kama hitilafu imepita.

Ndege anakaa juu ya waya na hafi. Inakuwaje?

Miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, hakuna tofauti ya volti ya kupita mwilini. Akiwa mkubwa kama tai au korongo na akafungua mbawa zikagusa waya wa pili au chuma cha nguzo, anakufa. Wanyama wanatusumbua pande zote za mpaka. Kenya, tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi karibu nzima ikawa giza kwa zaidi ya saa tatu. Yeye alipona. Februari 2021 twiga walikufa kwenye nyaya zilizopita chini mno katika hifadhi ya Soysambu, Nakuru. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Serengeti hili tulitazame kwa makini. Ukiona waya umelegea kiasi kwamba lori la mzigo linaufikia, twiga ameshaufikia zamani.

Nina duka la vinywaji. Umeme ukikatika nachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Mbona mnakataza?

Mama, kwa sababu jenereta lako linaweza kuniua mimi nikiwa kilomita tatu kutoka dukani kwako.

Transfoma haijui juu wala chini. Ikipewa volti 33,000 upande mmoja inatoa 400 upande wa pili. Ukiipa volti 230 kutoka chini kupitia mita yako, juu yanatoka maelfu, kwenye nyaya ambazo fundi ameambiwa zimezimwa.

Yalinikuta. Tulikuwa tumeomba kibali, laini imekatwa, kufuli imefungwa kwenye swichi na kibao kimetundikwa. Mwenzangu alikuwa ameshavaa mkanda, anataka kupanda. Nikasema tupime kwanza. Kipimo kikalia. Tulidhani ni kibovu, tukakijaribu kwingine, kikawa kizima. Tulitembea nyumba kwa nyumba mpaka tukasikia jenereta nyuma ya duka moja, mwenye duka akatukaribisha soda baridi. Hakuwa mtu mbaya, hakuna aliyewahi kumweleza. Mwenzangu alikaa chini mbele ya kreti akashindwa kuinywa.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, akufungie swichi ya kubadilishia, ile inayokaa ama upande wa TANESCO ama upande wa jenereta, kamwe si pande zote mbili. Na hata laini ikishapimwa, sisi hatugusi mpaka tumezifunga nyaya zote pamoja na kuzishusha ardhini kwa waya wa ethi. Ni kwa ajili ya jenereta ambalo halijawashwa bado.

Vishoka wanasema wanaweza kuniunganishia haraka. Niwaamini?

Hapana. Bei ya kuunganishwa vijijini, fezi moja, ni shilingi 27,000, na inalipwa kwa namba ya malipo, si mkononi. Kishoka, yaani fundi asiye na leseni, akikufungia bila waya wa ethi, friji yako ikipata hitilafu mlango wake wa chuma ndio utakaopokea umeme, na anayeufungua mara nyingi ni mtoto.

Mimi ni binti, niko kidato cha nne. Kazi hii naiweza?

Unaiweza, binti yangu. Shika fizikia na hesabu, kisha tafuta nafasi ya fani ya umeme VETA au chuo cha ufundi. Nguvu za mikono zitakuja, zitakuja hasa kwa kuchimba. Utachimba mashimo mengi kabla ya kupanda popote. Kanuni yake ni moja ya kumi ya urefu wa nguzo, ongeza sentimita 60. Nguzo ya mita 9 inaingia mita moja na nusu. Kwenye mawe ya milima ya Tarime utailaani kanuni hiyo, na usipunguze hata kidole.

Kuogopa urefu kusikutishe. Mafundi niliowahofia ni wale waliopanda bila kuangalia mkanda. Kila asubuhi uupitishe mkononi mshono kwa mshono, kama unavyotafuta mwiba kwenye kwato ya ndama, na usimwazime mtu.

Na kipimo. Kabla ya kupima laini mliyoizima, kijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, uone kinalia. Pima laini yako. Halafu rudi tena pale penye umeme ukijaribu mara ya pili, maana kinaweza kufa katikati ya safari, na ukimya wake ukaufikiria ni ukimya wa laini.