KAMBALE GANI?
Somo juu ya jina na jamaa



Somo hili tumelichagua kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kwetu bwenini, na wengi wenu munalijua. Muhula uliopita, siku ya posho, dereva wa kamyo alisimama barabarani akaacha habari: "Muambieni Kambale, koko yake amekufa, aende mbio." Sisi tuliipokea ile habari, na hatukuuliza neno. Tulikimbia kwa Kambale wa kwanza tuliyemuona, tukamukusanyia franga za safari. Akalia, akapanda gari. Kufika kwao, anamukuta koko yake ameketi mbele ya nyumba, anapukusa maharagi!

Watu walicheka. Lakini Kambale mwingine, yule tuliyemuacha darasani, alipata habari siku ya ine, na koko yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Kosa lilikuwa letu, sisi tunaochunga bweni. Tulijua jina, hatukujua mutu.

Basi tujifunze: jina linaweza kutuonyesha nini juu ya jamaa, na haliwezi nini?

1. JINA MOJA SI DAMU MOJA

Kwa wenzetu ambao si Wanande, tunaeleza. Kwa Wanande majina mengi yanafuata namna watoto wanavyozaliwa. Mutoto mwanaume wa kwanza anaitwa Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Binti wa kwanza ni Masika. Kwa hiyo karibu kila nyumba yenye vijana wawili iko na Kambale wake. Ngambo ya mupaka, kwa Wakonzo wa Uganda, ni desturi ile ile: Paluku anaitwa Baluku, Kambale anaitwa Bwambale.

Kambale wawili wakikutana, jina linawaambia neno moja tu: kila mumoja ni kijana wa pili kwa mama yake. Haliwaambii kama wana koko mumoja. Tena Paluku na Kasereka, majina mbalimbali kabisa, wanaweza kuwa watoto wa tumbo moja.

Kwa Wabelgiji ni namna ingine. Kule mutoto amezoea kubeba jina la baba, na baba la baba yake, na mutu anaweza kulifuata lile jina kama vile kamba, kizazi kwa kizazi. Lakini hata kule kamba inadanganya. Jina De Smet, kwa lugha ya Waflamani, maana yake ni muhunzi. Kila kijiji kilikuwa na muhunzi wake, basi De Smet wote hawakutoka kwa muzee mumoja.

2. MAJINA YALIYOBADILIKA

Mwaka wa 1972, wakati wa Zaire, serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kigeni. Yeye mwenyewe aliacha kuitwa Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko. Mutu aliyebatizwa Petro alipashwa kutafuta jina la wazee wake. Kisha, kuanzia mwaka wa 1990, wengi walirudilia majina ya ubatizo.

Ukiona jina la koko katika buku la ubatizo la zamani, na jina lingine kwenye karte yake ya mwaka wa 1975, usiseme mbio kwamba ni watu wawili. Linganisha kwanza kijiji, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba na la mama.

3. NAMNA YA KUTAFUTA

Kamata kaye moja, usiandike kwenye vipande vya karatasi. Anza na wewe mwenyewe, kisha panda.

a) Andika majina yote ya kila mutu: la kuzaliwa, la ubatizo, na lile watu walizoea kumuita.

b) Andika baba na mama, pande zote mbili. Wengi wetu tunajua upande wa baba peke.

c) Andika kijiji, na mahali walipohamia.

d) Uliza ukoo, ule Wanande wanaouita ekihanda, na mwiko wake. Kambale wawili wa ukoo mumoja wana sababu ya kuendelea kuulizana. Kama ukoo ni mbalimbali, waulize upande wa mama.

e) Uliza wazee wawili, kila mumoja peke yake. Wakipatana, andika kwa wino. Wakikosana, andika maneno yote mawili.

Hii si mambo ya kujivuna. Tangu vita ya 1996 watoto wengi upande wetu wa mashariki wamepotezana na wazazi barabarani. Watu wa Msalaba Mwekundu wakitafuta jamaa ya mutoto, hawamuulizi jina lake tu. Wanamuuliza la baba, la mama, na kijiji. Mutoto anayejua tu kusema "mimi ni Kambale," watamupeleka kwa nani?

MAULIZO

- Unajua majina ya koko zako wote wane? Na vijiji vyao?
- Nani katika jamaa yenu anajua kuliko wote? Iko na miaka ngapi?
- Utamuuliza lini?

Ulizo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Yule Kambale aliyekosa maziko alitueleza kwamba koko yake alijua kuhesabu wazee mpaka wa saba. Yeye alikuwa ameandika wawili tu. Aliwaza kumalizia wakati wa likizo. Sasa anataka kumuuliza koko mwanamuke, ambaye angali muzima, na tumemupatia kaye mupya.

Na sisi, dereva akileta habari tena, tutamuuliza kwanza: Kambale gani? Wa nani, na wa wapi?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho