Nondo wa Kiwavijeshi Vamizi: Tazama Bawa, Usikimbilie Rangi

Wenzangu tunaokwenda mazoezi ya kufundisha, kwenye shamba la mahindi la shule mtu atatuletea nondo: "Mwalimu, huyu ndo yule?" Yule ni kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka Amerika, aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016.

Ugumu ni kwamba dume na jike hawafanani. Mabawa yakitandazwa, upana ni milimita 32 hadi 40. Bawa la mbele la dume lina mchanganyiko wa kijivu na kahawia, na doa jeupe la pembetatu karibu na ncha. Jike hana doa hilo. Ni kijivu-kahawia tu, wengine wana mabaka hafifu. Wote wawili bawa la nyuma ni jeupe la kung'aa, lenye ukingo mwembamba wa rangi nzito.

Sasa angalia. Mtego wa harufu huiga harufu ya jike, kwa hiyo hunasa madume. Ukikosa jike humo usiseme shambani hayupo. Nondo akichakaa, magamba ya bawa hupukutika na alama zinafutika. Tena ndugu zake wa jenasi ya Spodoptera wanamkaribia sana kwa sura.

Basi bawa linakupa dhana tu. Fungua moyo wa mhindi, mtafute kiwavi: Y iliyopinduliwa kichwani, na hasa madoa manne meusi yaliyopangika mraba karibu na mkia. Mkulima akinunua dawa kwa kubahatisha, hela inakwenda, na mahindi nayo yanaliwa.